Kolandoto na Njia Iliyotoka Pwani: Ukoloni Uliingiaje Usukuma na Umetuachia Nini

 

 Tumekuwa tukipokea masuali kutoka kwa familia za Unguja na Pemba ambazo watoto wao wamepata nafasi ya kusoma chuo cha afya Kolandoto, au wamepata kazi Shinyanga, Kahama na Geita kwenye migodi. Mzazi mmoja anauliza: hospitali na chuo vyenye asili ya misheni, mtoto wa Kiislamu anaingia vipi humo? Mwengine anauliza kwa nini mwanawe, akijitambulisha kuwa ametoka Zanzibar, huulizwa khabari za Waarabu na utumwa. Wa tatu anataka kujua hiyo Kolandoto imetoka wapi, kwani hajapata kuisikia.

Masuali haya matatu yana mzizi mmoja, nao ni tarekhe ya ukoloni katika nchi ya Wasukuma. Tumeona bora tuieleze kwa mpangilio, kisha tutaje yale ambayo mzazi na kijana wanapaswa kuyazingatia.

Ukoloni ni nini?

Ukoloni ni watu wa nchi moja kuitawala nchi ya wengine kwa nguvu au kwa mikataba isiyo ya haki, wakapanga ardhi, kazi, biashara na elimu ya wenyeji kwa manufaa yao. Aina zake zimetofautiana. Waholanzi walipofika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652 walihamia wao wenyewe, wakalima na kuzaliana hapo. Wareno katika pwani yetu, tangu alipopita Vasco da Gama mwaka 1498, walijenga ngome na kutoza ushuru, na Ngome ya Yesu ya Mombasa waliyoianza mwaka 1593 ikachukuliwa na Waomani mwaka 1698. Zanzibar nayo iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, Sultani akabaki kwenye kiti na amri zikatoka kwengine.

Usukuma haikuwa kama Rasi. Wazungu waliohamia kulima walikuwa wachache. Jamii ya kikoloni iliyokua huko ilikusanyika mahala maalumu: kwenye boma, kwenye misheni, kwenye stesheni ya reli na kwenye mgodi. Kolandoto ni moja ya mahala hapo.

Njia ilikuwepo kabla ya Mzungu

Hapa panahitaji ukweli, hata kama haupendezi kuusikia. Wazungu hawakuikata njia ya kwenda Usukuma. Waliikuta. Tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ilikuwa ikitoka Bagamoyo na pwani nyengine kwenda Unyanyembe, ambako mji wa Tabora ulikua, na kutoka hapo ikigawika: mmoja Ujiji, mwengine kaskazini kupitia nchi ya Wasukuma hadi kwenye ziwa. Mitaji mingi ya misafara hiyo ilitoka Unguja, kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, wa Kiswahili na wa Kihindi. Ilibeba nguo za merikani, shanga, waya za shaba na bunduki. Ilirudi na pembe za ndovu, na ilirudi pia na watu waliofanywa watumwa.

Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa na nafasi yao ndani ya biashara hiyo. Wengi wa wapagazi walikuwa watu huru waliopatana ujira, na wapo watemi waliotajirika kwa ushuru wa njia. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yenye nguvu magharibi ya Tabora kwa kuzidhibiti njia hizo, na akapigana na Waarabu wa Tabora kwa ajili yake.

Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alipotoka Tabora kwenda kaskazini, akaliona ziwa na kulipa jina la malkia wake, hakuwa akivumbua njia. Alikuwa akifuata maelezo ya wafanyabiashara wa Tabora, na pamoja naye alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Kiyao aliyekamatwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, kisha akarudi Zanzibar akiwa huru. Wamisionari nao walipita njia hiyo hiyo. Wale wa Kanisa la Anglikana na wale wa Kikatoliki waliojulikana kama Mapadri Weupe walianzia pwani, wakaajiri wapagazi wa pwani na kununua mahitaji yao Unguja, na kabla ya mwaka 1890 walikuwa na vituo kusini ya ziwa, Bukumbi na Nassa.

Kwa hivyo anapoulizwa kijana wetu khabari za utumwa, ajue kwamba suala hilo lina msingi. Asilikatae, wala asiubebe mzigo usio wake, kwani hakuna nafsi inayobeba dhambi ya nafsi nyengine. Dhulma ni dhulma, hata akiifanya mtu mwenye jina kama letu na mwenye kuswali kama sisi.

Wajerumani waja kwa jina la kukomesha utumwa

Mwezi Novemba 1884 Carl Peters alizunguka Usagara na nchi za jirani akikusanya alama za machifu kwenye karatasi za Kijerumani wasizozielewa. Wakati huo huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekaa Berlin kuzungumzia Afrika. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikampa hati ya ulinzi. Sayyid Barghash alipopinga, manuwari za Kijerumani zilifika mbele ya mji wa Unguja mwezi Agosti mwaka huo huo, naye akalazimika kukubali. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ikakodi pwani kutoka kwa Sultani, na watu wa pwani wakainuka chini ya Abushiri bin Salim al-Harthi na Bwana Heri. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Disemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani na Uingereza zikapatana, Zanzibar ikaenda kwa Mwingereza, na pwani ya bara ikanunuliwa na Wajerumani kwa marka milioni 4.

Mwaka 1890 Emin Pasha, Mjerumani aliyetumikia serikali ya Misri, alifika Tabora na kufikia mapatano na Waarabu wa mji huo. Mtemi Isike wa Unyanyembe hakukubali kutawaliwa. Boma lake liliposhindwa kuhimili mashambulizi mwezi Januari 1893, aliiwasha ghala ya baruti akiwa ndani yake. Kwa upande wa ziwa, Bukoba na Mwanza zikawa vituo vya Wajerumani mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890.

Hoja kubwa iliyotumika Ulaya kuhalalisha haya yote ilikuwa ni kukomesha utumwa. Walikomesha misafara mikubwa ya watumwa, na hilo tunalikiri. Lakini utumwa wenyewe hawakuufuta kisheria katika koloni lao. Ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza, ilhali Zanzibar hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa mwaka 1897. Msomaji apime mwenyewe baina ya kauli na kitendo.

Jamii mpya: boma, kodi na duka

Kilichobadilisha maisha ya kila siku zaidi ya bunduki ni kodi. Sheria ya mwaka 1897 ilitoza rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Msukuma alikuwa na ng'ombe, mtama na jembe, lakini rupia hakuwa nayo. Ili aipate ilimbidi auze mazao, auze ng'ombe au auze nguvu zake. Na ng'ombe nao katika miaka hiyo ya 1890 walikuwa wamekwishateketea kwa sotoka, maradhi yaliyoenea Afrika Mashariki yote.

Pembeni ya kila boma paliota mji mdogo. Palikuwa na askari, ambao wengi wa mwanzo wao walitoka Sudan na walikuwa Waislamu; makarani na wakalimani kutoka pwani; na maduka ya Wahindi. Kiswahili kikawa lugha ya serikali, na kikaanza kuandikwa kwa herufi za Kilatini badala ya zile za Kiarabu walizozizoea wazee wetu. Uislamu wenyewe ulienea katika miji hiyo ya boma bila ya serikali kukusudia. Huku Usukuma Wajerumani hawakuwategemea sana maakida kama walivyofanya pwani. Waliwaacha watemi, wakawafanya wakusanya kodi, na aliyekataa alibadilishwa.

Kolandoto yenyewe

Kolandoto leo ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, nje kidogo ya mji, kwenye barabara kuu iendayo Mwanza, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Lalago na Meatu. Jina lake limejulikana kwa sababu ya hospitali.

Jumuiya ya Africa Inland Mission, ambayo asili yake ni Marekani na ilianza kazi Kenya mwaka 1895, iliingia Usukuma mwaka 1909 ilipokabidhiwa kituo cha Nassa na Waanglikana. Hospitali ya Kolandoto ilianzishwa mwaka 1913, yaani mwaka mmoja kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Wakaja wagonjwa, wakiwemo wenye ukoma ambao jamii nyingi za wakati huo ziliwatenga, na mafunzo ya uuguzi yakafuata. Kanisa lililozaliwa na kazi hiyo, Africa Inland Church Tanzania, ndilo lenye hospitali hadi leo, na chuo cha sayansi za afya kipo hapo.

Misheni ilikuwa mji mdogo wa aina yake. Aliyekuja kutibiwa alisikia mahubiri, na aliyesoma alisoma dini pamoja na hesabu. Tiba ilitolewa na iliponyesha watu, na wakati huo huo ilikuwa mlango wa tabligh ya dini yao. Mwenye kusema moja na kuficha la pili hajasema kweli yote.

Waingereza: reli, pamba na mbung'o

Mwezi Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliuchukua mji wa Tabora, na baada ya vita Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza kwa idhini ya Jumuiya ya Mataifa. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alitawala kupitia watemi. Katika watu waliotokana na mpango huo ni Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha katika wilaya ya Shinyanga, ambaye mwaka 1945 yeye na Abdiel Shangali wa Machame walikuwa Waafrika wa mwanzo kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika.

Reli ya kati ilikuwa imekwishafika Tabora mwaka 1912. Waingereza walitoa tawi kutoka Tabora hadi Mwanza, likamalizika mwaka 1928, na Shinyanga ikawa mji wa stesheni. Mahala pa zamani pakabaki na jina la Shinyanga ya Kale, au Old Shinyanga kama wenyeji wanavyopaita. Reli ndiyo iliyoifanya pamba ya Wasukuma kuwa zao la biashara kubwa. Bei ilipangwa na wanunuzi, na mizani ilikuwa mikononi mwao. Wakulima walipochoka na hali hiyo waliunda vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955, kwa uongozi wa Paul Bomani, vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions.

Wasiokuwa na pamba walikwenda mbali. Wanyamwezi na Wasukuma walijaa katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba iliyokuwa kwenye kipande cha kazi. Wanyamwezi walifika hadi Unguja na Pemba kuchuma karafuu, na baadhi yao hawakurudi. Katika visiwa vyetu wapo watu ambao babu zao walitoka huko huko ambako leo tunapaita ugenini.

Shinyanga pia ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o wa serikali ya kikoloni, chini ya C. F. M. Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Dawa iliyotumika ilikuwa ni kufyeka misitu, na wanakijiji walikusanywa kufyeka maeneo makubwa. Mbung'o walipungua na mifugo ikapata malisho. Lakini nchi ikabaki tupu, na kilimo na mifugo vilipozidi baadae ukame ukauma zaidi. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kama HASHI, na mafanikio yake makubwa yalitokana na ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho na kuyafunga kwa msimu. Elimu hiyo wenyeji walikuwa nayo tangu zamani.

Almasi na dhahabu

Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Canada, John Williamson, aliipata almasi Mwadui, si mbali na Kolandoto. Mgodi ukawa mji ndani ya uzio, wenye nyumba, skuli, hospitali na uwanja wa ndege wake. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, nayo akatunzwa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ndoa yake. Williamson alifariki mwaka 1958, na mwaka huo huo mgodi ukanunuliwa na kampuni ya De Beers kwa ubia na serikali ya Tanganyika.

Geita nako dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi wa zamani ulipofungwa mwaka 1966. Huu wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu katika Kahama mwaka 2001. Mpangilio wa uzio, kambi ya wafanyakazi, na wachimbaji wadogo waliobaki nje wakipasua mawe kwa nyundo, haukuanza na migodi hii mipya.

Watu wa Geita hawakunyamaza. TANU ilikuwa imepigwa marufuku Usukuma tangu mwaka 1954, lakini mwaka 1958 serikali ilipowalazimisha wenyeji kuwa na baraza la mchanganyiko wa makabila na mataifa, maelfu waliandamana hadi Mwanza kulipinga. Mwaka huo huo marufuku iliondolewa.

Elimu na pengo lililobaki

Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilizipa ruzuku skuli za misheni zilizofuata masharti yake. Vyuo vya Qur'ani havikuhesabiwa kuwa skuli. Wazazi wengi wa Kiislamu wa bara waliogopa kuwapeleka watoto wao misheni wasije wakabadilishwa dini, na khofu yao haikuwa ya bure. Matokeo yake ni kwamba walipohitajika makarani, waganga na walimu, Waislamu walikuwa wachache. Mwaka 1969 skuli nyingi za misheni zilichukuliwa na serikali, lakini hospitali nyingi zilibaki kwa makanisa. Ndiyo maana hadi leo kijana wa Kiislamu anayetaka uuguzi hukuta nafasi yake ipo Kolandoto.

Yanayofaa kuzingatiwa

Kwanza, kusoma tiba katika chuo chenye asili ya misheni. Msingi wa jambo hili ni ruhusa, kwa sharti kijana aihifadhi dini yake. Elimu ya dunia yenye manufaa huchukuliwa kwa mwenye nayo. Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) katika safari ya Hijra, yeye na Abubakar, walimwajiri Abdullah bin Urayqit awaoneshe njia, naye hakuwa Muislamu, kwa sababu alikuwa mjuzi na mwaminifu katika kazi yake. Kijana asishiriki ibada isiyo yake, na mzazi kabla ya safari aulizie kwa adabu utaratibu wa chuo kuhusu swala, stara na Ramadhani. Aulizie pia msikiti ulio karibu na Waislamu wa mtaa, na mtoto akifika awe mmoja wao.

Pili, kutibiwa huko, hukumu yake ni nyepesi zaidi. Muislamu hutibiwa na tabibu mwaminifu hata kama si wa dini yake.

Tatu, suala la utumwa. Kijana ajibu kwa ukweli kuwa biashara hiyo ilikuwepo, kwamba watu wa pwani na wa visiwani walishiriki, kwamba wapo na watemi wa bara walioshiriki, na kwamba Wazungu waliitumia kama sababu ya kuitwaa nchi. Anayejibu hivi huheshimiwa. Anayekataa kila kitu hudharauliwa, na hudharauliwa pamoja naye dini anayoiwakilisha.

Nne, uadilifu. Katika Suratul Maidah, aya ya 8, tumeamrishwa tusiache chuki ya watu itutoe kwenye haki. Kuikubali kheri ya daktari aliyemuosha vidonda mwenye ukoma hakumaanishi kuukubali utawala uliomtoza kodi mwenye ukoma huyo. Na kuulaani utawala hakutuhalalishii kumdharau jirani Mkristo wa Kisukuma ambaye babu yake alikuta hospitali hiyo hiyo moja akaishika.

Tano, hili tunawaambia wenye uwezo. Tukiona uchungu kwamba mtoto wetu hana pa kusomea uuguzi ila kwa wenziwe, basi dawa yake ni kuweka wakfu. Wazee wa visiwa hivi waliweka wakfu minazi, mikarafuu na nyumba kwa ajili ya misikiti na vyuo. Wakfu wa chuo cha wauguzi hauko nje ya sunna hiyo. Hospitali ya Kolandoto imedumu zaidi ya miaka 100 kwa sababu kizazi kimoja kilitoa na kizazi kilichofuata kikaendelea kutoa.

Tunamuomba Allah awahifadhi vijana wetu walioko Shinyanga, Kahama na Geita, awape elimu yenye manufaa na kazi ya halali, na atujaalie kuwa wasema kweli hata dhidi ya nafsi zetu.

Wallahu a'lam.